Saa 72 Kutoka Rubafu

Rubafu iko ukingoni kabisa mwa Tanzania, upande wa Bugabo, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Mbele yetu ni Ziwa Viktoria, na mpaka wa Uganda unapita humohumo majini, kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, mstari ambao wavuvi wetu wanaujua kwa makadirio na kwa boti za doria. Ukitaka kwenda ng'ambo kutoka hapa, uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu ni Entebbe. Kwa mstari ulionyooka juu ya maji hazifiki kilomita 150. Kwa barabara unakwenda Bukoba, unashika njia ya Mutukula, unavuka, unapita Masaka. Ukiondoka alfajiri, usiku unalala Entebbe. Dar es Salaam, penye balozi, maabara kuu na ofisi zote ambazo msafiri hawezi kuzikwepa, iko kilomita 1,400 hivi kwa barabara, safari ya basi inayomeza mchana na usiku.

Jiografia hii ndiyo iliyoamua mambo yetu. Dada yangu ni muuguzi katika mji wa Reading, magharibi mwa London. Alikwenda huko akiwa binti, akaolewa huko, akazaa huko. Mama yetu aliwajua wajukuu wake kwa sauti ya simu na kwa picha zinazokwama katikati mtandao ukiwa dhaifu. Tulikubaliana kwamba likizo ya shule ya Juni 2020, mimi mwalimu nikiwa huru, nitampeleka Mama akawaone. Fedha zilitoka kwenye kahawa na vanila za kibanja chake, kwenye mshahara wangu, na nyingine dada alituma. Mama alishaanza kuuliza baridi ya Juni ya Wazungu inafananaje na ya Bukoba wakati wa masika.

Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini akatangazwa Arusha. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Uganda ilifunga mipaka kwa abiria mwezi huohuo, ikabakiza malori ya mizigo, na madereva wakawa wanalala Mutukula wakingoja vipimo. Aprili 12 ndege za kimataifa za abiria zikazuiwa kutua Tanzania. Mei 18 anga letu likafunguliwa, lakini Entebbe haikufungua milango hadi Oktoba 1. Kwa mwaka huo sikuwa na kinyongo na mtu. Dunia nzima ilikuwa imekaa nyumbani, tajiri na maskini, na mama yangu kukosa safari lilikuwa jambo dogo kati ya makubwa. Tiketi hatukuwa tumenunua. Pasipoti zilikuwa tayari, na pasipoti hukaa miaka 10.

Ufukwe wetu, isitoshe, haukuwa mgeni wa kufungwa. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, kaskazini mwetu, akichunguza malale. Vijana wa Kiziba, upande wetu wa mpaka, walikuwa wakivuka kwenda Uganda kutafuta kazi, wengine kugema mpira, na baadhi yao wakarudi na ugonjwa. Mwaka 1907 Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa Kigarama, Kiziba, na tangu hapo mtu kuvuka kwenda kaskazini, kitu ambacho watu wa ziwa walikuwa wakikifanya bila kumuuliza yeyote, kikawa ni jambo la daktari na la serikali.

Kisha ukaja ugonjwa wa utoto wangu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, huko Muleba. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikivuma wakati huo. Nilikua nikisikia jinsi mtu akitaja Bukoba mbali na nyumbani anavyotazamwa mara mbili. Marekani iliwazuia wageni wenye virusi hivyo kuanzia mwaka 1987, na katazo hilo halikuondolewa hadi Januari 2010. Kwa hiyo mtu wa Kagera anajua, kabla hajafundishwa, kwamba ugonjwa unaweza kuandikwa kwenye jina la mahali ulikotoka, na kwamba jina hilo linaweza kukaa kwenye karatasi za watu wengine miaka mingi baada ya hali kubadilika nyumbani kwako.

Nilikuwa nimeyasahau hayo hadi Januari 2021.

Tulikuwa tumeamua Juni ya mwaka huo. Januari 22 Uingereza ikaiingiza Tanzania kwenye orodha yake nyekundu, kwa hofu ya kirusi kilichobadilika kilichogunduliwa Afrika Kusini. Maana yake ilikuwa wazi: mgeni aliyekuwa Tanzania ndani ya siku 10 zilizopita haingii. Raia na wakazi wao waliruhusiwa kurudi, na kuanzia Februari 15 walitakiwa kukaa siku 10 katika hoteli iliyopangwa na serikali, kwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja.

Watu wengi wanaoishi karibu na viwanja vikubwa walikuwa na njia ya kuzunguka. Unakwenda nchi ya tatu ambayo haimo kwenye orodha, unakaa siku 10, kisha unaingia. Dada alinishauri nitazame njia hiyo. Nikawa natoka shuleni jioni, nanunua bando, nakaa chini ya mwembe ambako mtandao unashika, nafuatilia njia zote zinazotoka Dar es Salaam kwenda London. Zote zina daraja katikati, na madaraja yalikuwa yakikatwa moja baada ya jingine. Dubai iliingia orodha nyekundu Januari 29, wiki moja baada yetu, pamoja na Rwanda na Burundi. Addis Ababa na Doha ziliingia Machi 19. Nairobi Aprili 9. Istanbul Mei 12. Mwisho wa Juni ikaingia Uganda, na Entebbe yangu ya karibu ikaenda nayo. Nilikuwa na daftari la shule nilimoziandika tarehe hizo, na mwezi Julai nililitazama nikaona kwamba hakuna njia niliyokuwa nimeifikiria ambayo haikufungwa.

Lazima niseme na upande wetu. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za kitaifa baada ya Aprili 29, 2020, na hesabu ikaja kusimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Juni tuliambiwa korona imekwisha. Nchi isiyojihesabu huhesabiwa na wengine, na wao huhesabu kwa hofu. Mwalimu mwenzangu alikuwa akilaumu Waingereza kila siku kwenye chai ya saa nne. Nilimwambia, na bado naamini, kwamba tulipokaa kimya tuliwapa wao kalamu.

Ukimya huo ulikuwa na gharama niliyoiona kwa macho. Mwanzoni mwa 2021 kijijini kwetu watu walikufa. Tuliambiwa ni changamoto ya upumuaji. Watu walichemsha majani, wakajifunika mablanketi, wakajifukiza nyungu. Wengine walipona na wengine hawakupona. Februari alifariki mama mdogo, mdogo wake Mama waliofuatana kuzaliwa. Kwetu dada alikuwa ndiye mtoto wake hasa, maana mama mdogo ndiye aliyemlea wakati Mama alipokuwa amelazwa. Dada alikuwa na haki ya kuja kuzika. Angekuja, lakini kurudi kazini kungemgharimu zile pauni na zile siku 10 hotelini bila mshahara, huku watoto wakilelewa na nani? Alizika kwa simu. Niliishika juu, mkono ukafa ganzi, na kwa kuwa tulikuwa mgombani mtandao ukakatika wakati jeneza linashushwa. Aliponipigia tena hakuniuliza lolote kuhusu maziko. Aliuliza, "Mama amekula?"

Tangu siku hiyo safari ya Mama haikuwa tena matembezi. Ilikuwa ni lazima.

Julai 24, 2021 ikaja shehena ya kwanza ya chanjo, dozi 1,058,400 za Janssen, ile ya sindano moja. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera. Wazee wa miaka 50 na kuendelea walikuwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele. Huku kwetu maneno yalikuwa mengi, na Mama aliyasikia yote: kwamba sindano inaua baada ya miaka miwili, kwamba inaondoa uzazi. Hili la pili lilimchekesha. Alichanjwa Agosti. Alimwambia mhudumu, akiwa ameshakunja mkono wa gauni, kwamba ana wajukuu wawili hajawashika, kwa hiyo asimcheleweshe.

Oktoba 11 Uingereza iliondoa nchi 47 kwenye orodha yake, Tanzania ikiwemo, ikabakiza nchi 7 za Amerika ya Kusini, Kati na Karibi. Tukaanza upya, sasa kwa ajili ya likizo ya Desemba. Hapa ndipo nilipokutana na saa 72.

Kanuni ya vipimo wakati ule ilifanana karibu dunia nzima: cheti cha PCR kisichozidi saa 72 kabla ya safari, wengine walisema 96, wengine wakashusha hadi 48. Saa zinaanza kuhesabiwa dakika ile kijiti kinapoingia puani. Cheti kikikufikia, sehemu ya muda imeshaliwa na maabara. Mtu wa Mikocheni, palepale Dar, anatoa sampuli asubuhi, anarudi nyumbani kula, kesho yake anapokea majibu kwenye simu, keshokutwa anapanda teksi. Kwake saa 72 ni nyingi. Sasa chukua ratiba hiyohiyo uilete Rubafu. Kutoka hapa hadi Bukoba ni barabara ambayo mvua ikinyesha huwezi kuahidi muda. Ndege ndogo za Bukoba zinatua kando ya ziwa, na ziwa likiamka na ukungu au dhoruba, abiria wanasubiri au wanaambiwa warudi kesho. Ukipanda meli ya usiku kwenda Mwanza, ile New Victoria iliyorudi majini Agosti 2020 baada ya matengenezo, unafika asubuhi, halafu bado una nchi nzima mbele yako. Ukitoa sampuli kwanza nyumbani, kuna hatari cheti kikafa njiani. Ukitoa Dar, inabidi uishi Dar mpaka siku ya ndege, gesti na chakula na nauli za daladala za watu wawili, mmoja wao mzee ambaye magoti yanamsumbua. Ndege kubwa ikiahirishwa siku moja, unapimwa tena na kulipa tena.

Sikupinga kipimo. Nilikuwa nimezika; najua kipimo ni cha nini. Lakini aliyepanga saa hizo alikuwa na picha ya msafiri fulani kichwani, na msafiri huyo aliishi nusu saa kutoka kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Saa zilezile kwake ni tahadhari. Kwa mtu wa ukingo wa ziwa ni nauli ya pili juu ya nauli. Ningependa siku moja wakae mezani na mtu wa Rubafu, wa Kigoma, wa Kalangala kule Ssese, wapange naye. Asingewaambia wafute kipimo. Angewaambia kifanyike karibu na nyumbani kwake na saa zianze majibu yanapotoka.

Ulikuwa umebaki mpangilio wa malipo, na hapo nilipata adabu ya kazi ambayo ninaitumia hadi leo. Kila gharama niliiuliza swali moja: mpango ukivunjika kesho, wewe unabaki na nini? Pasipoti inabaki. Chanjo inabaki. Sweta za Mama, tulizochagua soko la mitumba Bukoba, zinabaki. Mama alizivaa wakati wa mvua za Novemba na akasema safari imeshaanza kumfaa. Tiketi ya kubadilishwa tarehe inabaki nusu, ile ya bei rahisi haibaki kabisa. Viza ndiyo kitu kigumu kuliko vyote, kwa kuwa inahitaji vidole vyako na picha yako Dar es Salaam, ada yake haina marejesho, na ikishatoka miezi yake 6 inaanza kutembea hata kama wewe umekaa. Kwa hiyo viza ilikuja mwisho. Niliomba ruhusa kazini, nikampandisha Mama ndege kwa mara yake ya kwanza, tukaenda Dar mwezi Novemba kutoa alama za vidole. Pauni 95 kila mmoja. Mashine ilikataa vidole vya Mama. Miaka ya jembe na kuparua magamba ya samaki imeisawazisha ngozi. Binti aliyekuwa pale alimwita "bibi," akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akamsugua taratibu kidole kimoja kimoja hadi mashine ikakubali. Viza zilitoka mapema Desemba.

Lakini kabla hazijatoka, Novemba 24, wanasayansi wa Afrika Kusini walitoa taarifa ya kirusi kipya, ambacho siku mbili baadaye kilipewa jina la Omicron. Walifanya kazi yao kwa uaminifu na haraka, na malipo yao yakawa milango kufungwa. Uingereza ikarudisha orodha nyekundu kwa nchi 6 za kusini mwa Afrika, kisha zikaongezwa Angola, Msumbiji, Malawi na Zambia, baadaye Nigeria. Msumbiji, Malawi na Zambia zinapakana nasi. Kila jioni nilisikiliza redio nikingoja Tanzania itajwe. Haikutajwa. Desemba 7 Uingereza ikaanza kudai kipimo cha saa 48, nikakaa na daftari kupiga hesabu upya. Desemba 15 nchi zote 11 zikaondolewa, maana kirusi kilikuwa kimeshaenea Uingereza yenyewe na orodha haikuwa na cha kuzuia tena. Tukapumua. Tiketi zetu zilikuwa za kupitia Dubai, baada ya Krismasi.

Umoja wa Falme za Kiarabu, ambao Dubai ni sehemu yake, ukatangaza kwamba kuanzia jioni ya Desemba 25 wasafiri kutoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria hawaingii wala hawapiti.

Nilimwambia Mama baada ya misa ya Krismasi, kwa kuwa sikutaka aisikie kwa jirani. Alikuwa amepika ndizi kwa nyama kwa ajili ya watu waliokuja kumuaga. Hakulia. Aliwapakulia wote, akaketi, akaniuliza Dubai ni nchi ya nani na sisi tumewakosea nini. Nikajaribu kumweleza habari ya vyeti na vipimo na viwango vya maambukizi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama anavyomsikiliza padri kijana. Kisha akasema, "Basi waseme lini." Zuio lile liliondolewa Januari 29, 2022, ila siku tulipolihitaji hakuna aliyejua litaondoka lini, na Januari mimi nilikuwa darasani. Likizo yangu ndefu ya karibu ilikuwa Juni. Viza zilikwisha muda mwanzoni mwa Juni zikiwa hazijagongwa muhuri hata mmoja, na tulikuwa tumeshaomba nyingine, kwa ada nyingine, kwa safari nyingine ya Dar.

Machi 18, 2022 Uingereza ilifuta masharti yote ya korona kwa wanaoingia. Tukasafiri likizo ya Juni. Mama alibeba kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yake na kukaushwa, na ndizi mbivu chache, ambazo kwa kanuni zao zinaingia bila cheti cha afya ya mimea. Heathrow afisa aliuliza tunakaa kwa nani na tunarudi lini. Folda yangu ya vyeti vya chanjo nilikuwa nimeishika mkononi tayari, haikufunguliwa. Nje, dada alikuwa amesimama nyuma ya kamba na watoto wawili warefu kuliko picha zao. Mdogo alipiga magoti sakafuni akamwambia bibi yake shikamoo, pale katikati ya masanduku ya watu, kama alivyofundishwa kwenye simu, na watu wakazunguka kuwapisha.

Mengi tuliyoyafanya kule ni ya familia, na siyo ya makala hii. Reading ni mji ambako mto Kennet unaingia Thames, na Mama alipenda kusimama pale akitaka kujua nani anavua. Ila kuna siku moja London ambayo lazima niiandike. Dada alitupeleka ng'ambo ya mto kutoka kwenye jengo la Bunge, kwenye ukuta mrefu uliochorwa mioyo myekundu. Ndugu wa marehemu walianza kuichora Machi 2021, moyo mmoja kwa kila aliyekufa kwa korona nchini mwao, na ndani ya mioyo watu wameandika majina, tarehe, maneno. Tulitembea muda mrefu na ukuta hauishi. Dada alitusomea baadhi, akitafsiri. Wengine walikuwa wauguzi aliowafahamu.

Mama aliuliza huku kwao walijuaje idadi. Dada akamweleza: cheti cha kifo, daktari, ofisi ya takwimu. Mama akataka kujua, "Na Rubafu tulikuwa wangapi?" Aliniuliza mimi, mwalimu wake wa hesabu wa siku zote. Sikuwa na namba ya kumpa. Naweza kuwataja wale wa kitongoji chetu kwa majina, mmoja mmoja, na ni wengi kwa mwezi mmoja. Lakini hawamo popote palipoandikwa. Dada alitoa kalamu kwenye mkoba. Mama akakataa. Alisema ule ni ukuta wa wenyewe, na mdogo wake ana kaburi lake lenye msalaba mgombani. Tukakaa kwenye benchi hadi magoti yake yakatulia.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yao kuja. Dada alikata tiketi za likizo ya Pasaka ya 2023, wote wanne. Machi 21 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, wilaya yetu. Vijiji vilikuwa Bulinda na Butayaibega, kata za Maruku na Kanyangereko. Walikuwa wamekufa watu 5, mmoja wao mhudumu wa afya. Baada ya siku chache nchi za Ghuba zilikuwa zikiwashauri raia wao wasiende Tanzania, nchi nzima, kwa ajili ya vijiji viwili ambavyo hata watu wengi wa Dar hawajawahi kuvisikia.

Mama alitaka waje. Maruku iko kusini mwa mji na sisi tuko kaskazini, alisema, na hapa hakuna mgonjwa. Ilikuwa kweli. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye hapendi habari za madaktari, alimuunga mkono kwa nguvu. Na mimi, niliyekuwa na daftari zima la hasira juu ya milango iliyofungwa usoni petu, nikajikuta nampigia simu dada usiku nikimwambia wasije.

Nilimweleza sababu moja baada ya nyingine. Ili kufika Rubafu lazima upite Bukoba mjini, na mji ndio unaopokea watu wa pande zote. Watoto wake hawajazoea malaria. Mmoja akipata homa, katika wiki hizo homa yoyote inapelekwa chumba cha kutengwa kwanza, na mtoto wa miaka 9 atakaa humo peke yake akisubiri majibu kutoka maabara. Pia Pasaka watu wanakutana, na msiba ukitokea hatuwezi kumzuia Mama kwenda. Halafu nikampa tarehe, au njia ya kuipata tarehe: mgonjwa wa mwisho akishapimwa na kuonekana hana virusi tena, zinahesabiwa siku 42, mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa unaweza kujificha mwilini. Zikipita bila mgonjwa mpya, mlipuko umekwisha. Siku 42 si nyingi. Likizo yao ya kiangazi inaanza Julai.

"Mdogo wangu, Mama atakubali?" akauliza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake, amesikia yote. Alinyoosha mkono, nikampa simu. Walizungumza Kihaya kwa muda mrefu, nikatoka nje nikawaacha. Juni 2, Bukoba, serikali na Shirika la Afya Duniani walitangaza mwisho wa mlipuko: wagonjwa 9, vifo 6. Jioni ile dada alilipa gharama ya kubadili tarehe, akanitumia ratiba mpya, na Mama akaagiza mbuzi.